Galaksi Ni Nini, na Nani Alizipanga Kwenye Makundi?

Leo tuache kidogo habari za programu na simu, tuangalie juu. Lakini nawaonya mapema kwamba mwisho wa safari tutajikuta tumerudi kwenye tarakilishi. Historia ya galaksi, ukiitazama vizuri, ni historia ya watu waliokuwa na data nyingi kuliko walivyoweza kuipanga, na sisi tunaoandika programu tunaijua sana hali hiyo.

Vitabu vingi husema kuna aina tatu au nne za galaksi, vikatoa picha moja moja, basi, mambo yakaishia hapo. Msomaji anabaki akidhani kwamba mgawanyo huo umeandikwa mbinguni. Haukuandikwa mbinguni. Uliandikwa na watu, kwa macho yao na kwa sababu zao, na baadhi ya majina yanayotumika hadi leo yalitokana na wazo ambalo limekwisha kufa. Nadhani inafaa kulijua hilo sasa kuliko wakati mwingine wowote, kwa maana kazi ya kuzipanga galaksi tumeanza kuikabidhi mashine, na mashine hiyo inajifunza kutoka kwetu.

Kwanza, galaksi ni nini?

Galaksi ni mkusanyiko mkubwa mno wa nyota, gesi, vumbi na kitu kingine kisichoonekana kiitwacho maada giza, vyote vikishikwa pamoja na nguvu ya mvutano. Jua letu ni nyota moja tu katika galaksi iitwayo Njia Nyeupe, ambayo inakadiriwa kuwa na nyota kati ya bilioni 100 na bilioni 400. Nuru hukimbia kama kilomita 300,000 kwa sekunde, na bado huhitaji miaka kama 100,000 kuvuka galaksi yetu kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Ndiyo sababu umbali wa huko hatuutaji kwa kilomita. Tunautaja kwa miaka ya nuru, yaani umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja.

Ukiwa mbali na taa za mji, tuseme Marsabit au Turkana, utauona ule ukanda mweupe uliokatiza anga. Huo ni Njia Nyeupe yetu tukiitazama tukiwa ndani yake, kama mtu aliye ndani ya msitu na anaona miti tu pande zote.

Sisi wa karibu na ikweta tuna bahati ambayo wazungu waliozichunguza galaksi hawakuwa nayo makwao. Katikati ya Novemba, kwenye saa tatu na nusu usiku, ukielekea kaskazini unaweza kuona doa hafifu kama pumzi juu ya kioo. Hilo ni galaksi ya Andromeda, iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5 hivi. Ukigeuka kusini, chini karibu na upeo wa macho, kuna Wingu Dogo la Magellan, na usiku ukizidi kuingia Wingu Kubwa nalo hupanda. Hizo ni galaksi tatu, nje ya yetu, bila darubini. Zikumbuke, maana zote tatu zitarudi katika habari hii.

Orodha ya vitu vya kupuuzwa

Aliyeandika habari za Andromeda mapema kabisa, kwa kadiri ya maandishi tuliyonayo, ni Abd al-Rahman al-Sufi, mwanafalaki wa Uajemi. Katika kitabu chake cha nyota cha mwaka 964 hivi alilitaja doa hilo kuwa ni wingu dogo. Hakuwa na darubini, na hakudai kujua lilikuwa nini. Alilitaja tu mahali pake, akaendelea na kazi.

Mwaka 1610 Galileo alitangaza kwamba Njia Nyeupe, ikitazamwa kwa darubini, ni nyota nyingi sana zilizosongamana. Lakini vile viwingu vidogo vilivyotapakaa angani viliendelea kuwa fumbo, na kwa muda mrefu vilionekana kuwa usumbufu tu. Mfaransa Charles Messier alikuwa mwindaji wa vimondo vyenye mikia. Kimondo kikiwa mbali huonekana kama kiwingu, kwa hiyo kila mara alikuwa akipoteza wakati kwa viwingu ambavyo havisogei. Dawa aliyoipata ni ile ile tunayoitumia dhidi ya barua taka: aliandika orodha ya vitu vya kupuuzwa. Hadi 1781 orodha yake ilikuwa na vitu 103. Andromeda ni nambari 31, na hadi leo huitwa M31.

Hebu fikiria! Messier anakumbukwa zaidi kwa takataka zake kuliko kwa vimondo alivyovigundua. Katika orodha yake, iliyokuja kuongezwa hadi vitu 110, 40 ni galaksi.

Huko Uingereza, kuanzia miaka ya 1780, William Herschel na dada yake Caroline walipekua anga kwa utaratibu na kukusanya viwingu na vishada vya nyota kama 2,500. William aliviweka katika makundi manane, kwa kuangalia mwangaza, ukubwa na msongamano. Hakujua umbali wa hata kimoja. Mwanawe John alikwenda Afrika Kusini, akakaa Rasi ya Tumaini Jema kutoka 1834 hadi 1838 akiandikisha anga ya kusini. Orodha zao ndizo J. L. E. Dreyer alizokuja kuziunganisha na za wengine mwaka 1888, vitu 7,840, kila kimoja na nambari yake inayoanza na herufi NGC. Nambari hizo bado ziko kazini.

Umbo lilionekana kwa mara ya kwanza Ireland. Mwaka 1845 Lord Rosse alielekeza darubini yake kubwa, yenye kioo cha mita 1.8, kwenye M51. Aliona mikono iliyojizungusha, kama maji yanapozunguka yakiingia kwenye tundu la sinki. Hakukuwa na kamera ya kuweza kazi hiyo, kwa hiyo aliichora kwa mkono. Hiyo ndiyo spirali ya kwanza kujulikana.

Wanawake walioitwa kompyuta

Swali likabaki: spirali hizi ni vitu vidogo ndani ya Njia Nyeupe, au ni galaksi nyingine zilizo mbali kabisa? Bila umbali huwezi kujibu. Doa dogo lililo karibu na doa kubwa mno lililo mbali huonekana sawa.

Ufunguo ulitoka kwa mtu ambaye cheo chake kinapaswa kutugusa sisi wa fani hii. Neno kompyuta, kabla halijawa jina la mashine, lilikuwa jina la kazi ya binadamu. Katika Chuo Kikuu cha Harvard kulikuwa na kundi la wanawake walioitwa kompyuta, kazi yao ikiwa kupima na kuhesabu nyota kwenye bamba za kioo zilizopigwa picha. Mmoja wao, Henrietta Leavitt, alilipwa senti 30 za dola kwa saa. Alipewa bamba zilizopigwa Arequipa, Peru, zinazoonyesha yale mawingu mawili ya Magellan, atafute nyota zinazobadilika mwangaza. Mwaka 1908 alichapisha orodha ya nyota 1,777 za namna hiyo.

Mwaka 1912 alichukua nyota 25 tu za Wingu Dogo, zile zinazong'aa na kufifia kwa mapigo ya kawaida, akaonyesha kwamba kadiri nyota inavyong'aa kwa asili yake ndivyo mapigo yake yanavyokuwa ya polepole. Kwa kuwa zote zimo katika wingu moja, zote ziko umbali karibu sawa nasi, hivyo tofauti ya mwangaza wake ni tofauti ya kweli. Maana yake ni kubwa. Ukiijua nyota ya aina hiyo inachukua siku ngapi kupiga pigo moja, unajua ina nguvu kiasi gani. Linganisha nguvu hiyo na jinsi inavyofifia machoni pako, unapata umbali. Ni kama kujua kwamba balbu ni ya wati 60 na kukadiria iko mbali kiasi gani gizani.

Tarehe 26 Aprili 1920, huko Washington, Harlow Shapley na Heber Curtis walisimama mbele ya wanasayansi wenzao kutoa hoja. Shapley alisema Njia Nyeupe ni kubwa sana na spirali ni sehemu yake au jirani zake wadogo. Curtis alisema kila spirali ni galaksi kamili kama yetu. Shapley alitegemea pia vipimo vya rafiki yake, Adriaan van Maanen, aliyelinganisha picha za miaka tofauti na kuona spirali zikizunguka. Kama kitu kinaonekana kikizunguka kwa miaka michache hivyo, hakiwezi kuwa kikubwa na mbali, la sivyo kingoni mwake kingekimbia kuliko nuru. Hoja ilikuwa sawa kabisa. Vipimo ndivyo vilivyokuwa na walakini: mzunguko ule haukuwepo. Mtu hodari, mwaminifu, mwenye vyombo vizuri, aliona kisichokuwepo. Nawaomba mliweke hilo akilini.

Jibu lilikuja Oktoba 1923. Edwin Hubble, akitumia darubini ya mita 2.5 ya Mount Wilson, California, alipiga picha ya Andromeda, akaona nukta aliyoidhani ni nyota iliyolipuka. Alipolinganisha na bamba za zamani akagundua kuwa ni moja ya nyota za Leavitt. Alifuta herufi N aliyokuwa ameiandika kwenye kioo na badala yake akaandika VAR na alama ya mshangao. (Ndiyo, kama tunavyoandika kwenye JavaScript, na kwa maana hiyo hiyo: kitu kinachobadilika.) Hesabu ikampa umbali wa miaka ya nuru 900,000 hivi. Umbali huo ulikuwa pungufu, kwani baadaye Walter Baade alionyesha kwamba nyota hizo ni za aina mbili zisizofaa kuchanganywa, lakini ulitosha kuiweka Andromeda nje kabisa ya Njia Nyeupe. Taarifa ilisomwa mbele ya wanasayansi Januari 1, 1925.

Leavitt hakuyaona matunda yote hayo, kwa kuwa alifariki Desemba 1921. Mwaka 1925 mwanahisabati wa Uswidi, Gösta Mittag-Leffler, alimwandikia barua akitaka kumpendekeza kwa Tuzo ya Nobel, bila kujua kwamba hayupo tena.

Mchoro wenye panda

Sasa Hubble alikuwa na galaksi, na kama kila mwenye data mpya, alitaka kuipanga. Mwaka 1926 alichapisha mgawanyo wake, na katika kitabu chake cha 1936 akauchora. Mchoro wenyewe una umbo la panda ya manati iliyolazwa ubavu: mpini mmoja, kisha matawi mawili. Wenyewe waliufananisha na kile chuma chenye meno mawili ambacho wapiga muziki hukigonga kupata sauti.

Kwenye mpini ziko galaksi za duaradufu, zisizo na mikono, laini kama yai lenye nuru. Hupewa herufi E na nambari kutoka 0 hadi 7. Nambari hiyo ina kanuni rahisi ambayo ungeweza kuiandika kwa mstari mmoja wa msimbo: gawanya upana kwa urefu, toa jibu kwenye 1, zidisha kwa 10. E0 ni duara kamili, E7 imerefuka kama ndizi. Lakini angalia: nambari hiyo inaeleza galaksi inavyoonekana kutoka hapa tulipo. Yai likikuelekezea ncha yake, nalo utaliona duara. M87 ni mfano wa duaradufu kubwa, na ndiyo ile ambayo shimo jeusi lililo katikati yake lilionyeshwa kwa picha mwaka 2019.

Tawi la kwanza ni la galaksi spirali. Sa ina kitovu kinene na mikono iliyobana, Sb ni ya kati, Sc ina kitovu kidogo na mikono iliyoachia. Andromeda ni Sb.

Tawi la pili ni la spirali zenye upau (neno lile lile la upau wa zana kwenye programu zetu). Hizi zina mstari mnene wa nyota uliopita katikati, na mikono huanzia kwenye ncha za mstari huo. Herufi zake ni SBa, SBb, SBc. Njia Nyeupe yetu nayo ina upau, jambo ambalo lilichukua miaka mingi kuthibitishwa kwa kuwa hatuwezi kutoka nje tuitazame.

Pale penye panda, katikati ya mpini na matawi, mwaka 1936 Hubble aliweka S0: galaksi bapa, iliyovimba katikati, isiyo na mikono. Ukitaka kulijua umbo lake shika punje ya kamande. Na nje ya mchoro zilibaki zile zisizo na umbo maalumu, yale mawingu ya Magellan yakiwa mfano wake.

Sasa tufike kwenye majina. Hubble aliziita galaksi za upande wa mpini za awali na zile za mwisho wa matawi za baadaye. Maneno hayo yaliazimwa kutoka kwa wachunguzi wa nyota, na yalilingana na nadharia ya Mwingereza James Jeans, kwamba tufe la gesi huzunguka, hubapa polepole, kisha hutoa mikono. Hubble mwenyewe alisisitiza kwamba majina yake yanaeleza umbo tu wala si umri. Lakini ukiweka neno la awali upande wa kushoto na la baadaye upande wa kulia, ukachora mstari kati yake, nani atasoma maelezo ya chini?

Ukweli umekuja kuwa karibu kinyume. Nyota za galaksi za duaradufu kwa kawaida ni kongwe, na kazi ya kuzaa nyota mpya huko imekwisha au inakaribia kwisha. Spirali ndizo bado zina gesi na bado zinazaa. Hakuna anayeamini leo kwamba duaradufu hukua ikawa spirali. Hata hivyo, fungua utafiti wa mwaka huu, utakuta wanafalaki bado wanaandika galaksi ya awali na galaksi ya baadaye. Aliyewahi kurithi msimbo wa zamani ananielewa: funksheni iliyopewa jina la kazi ambayo haifanyi tena, na hakuna anayethubutu kulibadilisha kwa sababu vitu elfu moja vinaliita kwa jina hilo.

Balbu 74 na setilaiti yenye jina la Kiswahili

Wazo la Jeans liliuawa na nini? Kwa sehemu, liliuawa na uigizaji, yaani kutengeneza mfano wa kitu na kuuacha uende.

Mwaka 1941, Erik Holmberg wa Lund, Uswidi, alitaka kujua galaksi mbili zikipitana karibu karibu hutokea nini. Tarakilishi ya kufanya hesabu hiyo haikuwepo. Akatumia balbu 74, 37 kwa kila galaksi. Nuru hupungua kwa mraba wa umbali sawasawa na nguvu ya mvutano, kwa hiyo akapima nuru inayofika kwenye kila balbu kutoka pande mbalimbali, akaifanya kuwa ndiyo mvutano, akaisogeza balbu kidogo, akapima tena. Alipata kwamba galaksi huvutana hadi kupindana na zinaweza kunasana. Mimi naona huo ni mmoja wa uigizaji mzuri kuliko wote uliopata kufanywa, na haukuhitaji hata mstari mmoja wa programu.

Mwaka 1972 ndugu wawili, Alar na Juri Toomre, walifanya hesabu ya namna hiyo kwa tarakilishi, wakaonyesha kwamba mikia ya ajabu inayoonekana kwenye baadhi ya galaksi ni matokeo ya kupitana kwake. Alar alikuja kupendekeza mwaka 1977 kwamba spirali mbili zikigongana na kuungana, mpangilio wa diski huvurugika na kinachobaki ni duaradufu. Basi ule mshale wa kale ukageuka.

Hapa Kenya nayo inaingia. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya maadhimisho ya uhuru, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa kwa kazi ya eksirei za angani peke yake, na kwa heshima ya siku hiyo ikaitwa Uhuru. Miongoni mwa mambo iliyoyaona ni eksirei zilizotapakaa katika makundi makubwa ya galaksi, dalili ya gesi ya moto sana iliyojaa kati ya galaksi na galaksi. Mwaka 1972 James Gunn na Richard Gott walieleza matokeo yake: spirali ikiingia kwa kasi katika gesi hiyo, gesi yake yenyewe hupeperushwa nje, kama kofia ya abiria wa bodaboda. Bila gesi hakuna nyota mpya, mikono hufifia, na unaweza kubaki na punje ya kamande. Hiyo ni mojawapo ya njia za kupata S0.

Kwa hiyo aina ya galaksi si kabila ililozaliwa nalo. Ni habari ya yaliyoipata: imegongana na nani, inaishi katika msongamano au upweke, imebakiwa na gesi kiasi gani. Hata lile tabaka la zisizo na umbo halikusalimika. Gérard de Vaucouleurs, aliyeuboresha mgawanyo wa Hubble mwaka 1959, aliona kwamba Wingu Kubwa la Magellan lina upau na dalili ya mkono, akalihamishia kwenye familia ya spirali.

Watu 150,000 na kipanya

Hadi miaka ya 2000 mtaalamu mmoja aliweza kukaa na picha zake na kuzipanga kwa macho. Kisha ukaja mradi wa Sloan, ambao darubini yake huko New Mexico ilikusanya picha za galaksi kwa mamia ya maelfu. Kevin Schawinski, akiwa mwanafunzi wa Oxford, alipanga kama 50,000 peke yake, na hilo likamtosha. Julai 2007 yeye, Chris Lintott na wenzao wakafungua tovuti iitwayo Galaxy Zoo, wakaweka karibu galaksi 900,000, wakawaomba watu wowote wasaidie. Hii ni duaradufu au spirali? Kama ni spirali, inazunguka kuelekea wapi? Ndani ya siku moja majibu yalikuwa yakiingia 70,000 kwa saa. Katika mwaka wa kwanza watu zaidi ya 150,000 walitoa majibu zaidi ya milioni 50.

Nayapenda sana mambo matatu yaliyotokana na kazi hiyo.

La kwanza. Kabla ya hapo wengi walitumia rangi kama njia ya mkato: galaksi nyekundu ni duaradufu, ya buluu ni spirali. Macho ya watu yalipata spirali nyekundu na duaradufu za buluu, si moja wala mbili. Njia ya mkato ilikuwa ikizificha zile hasa ambazo zinabadilika kutoka hali moja hadi nyingine.

La pili. Majibu yalionyesha spirali nyingi zaidi zikizunguka kinyume cha saa. Je, ulimwengu una upande unaoupendelea? Waandaaji walifanya jambo ambalo kila mpimaji wa programu angelifanya: wakageuza baadhi ya picha kama kwenye kioo. Kama tatizo lingekuwa la ulimwengu, matokeo nayo yangegeuka. Hayakugeuka. Watu waliendelea kubonyeza kinyume cha saa. Upendeleo ulikuwa ndani ya binadamu, kama ule uliompata van Maanen miaka mingi kabla.

La tatu. Agosti 2007 mwalimu wa shule wa Uholanzi, Hanny van Arkel, aliona doa la ajabu karibu na galaksi mojawapo. Halikuwa duaradufu wala spirali. Aliuliza: hiki ni nini? Ilikuja kujulikana kuwa ni wingu la gesi linaloangazwa na mlipuko wa nuru uliotoka kwenye galaksi jirani, ambayo yenyewe imekwisha kufifia. Maswali ya tovuti hayakuwa na habari ya kitu hicho. Mtu ndiye aliyekuwa nayo hamu ya kuuliza.

Sasa ni zamu ya mashine

Mwaka 2014 Sander Dieleman alishinda shindano la kuandika programu inayotabiri majibu ya watu wa Galaxy Zoo, kwa kutumia mtandao wa nyuroni bandia. Siku hizi kuna programu iitwayo Zoobot, iliyofundishwa kwa mamilioni ya mibonyezo ya wale waliojitolea. Na kazi inaongezeka. Kituo cha Vera Rubin huko Chile, kilichoonyesha picha zake za kwanza Juni 2025, kimeundwa kukusanya kama terabaiti 20 kila usiku kwa miaka kumi, na kinatarajiwa kuona galaksi bilioni 20 hivi. Hakuna umati wa watu utakaoweza kuzibonyeza zote.

Sina ugomvi na mashine. Ni lazima zitumike. Ninachosema ni kwamba ukifundisha mashine kwa lebo zetu, umeifundisha na historia yetu yote: mchoro wa 1936, majina yaliyopitwa, mazoea ya macho, na kupendelea kinyume cha saa. Spirali iliyo mbali mikono yake hupotea kwenye ukungu wa picha, watu huiita duaradufu, na mashine itaiita hivyo hivyo kwa kujiamini zaidi. Watafiti wa Galaxy Zoo walilijua hilo wakalirekebisha kwa hesabu, lakini walilijua kwa sababu walikumbuka lebo zilitoka wapi.

Darubini ya James Webb, iliyorushwa Desemba 25, 2021, imekwisha kutuonyesha galaksi bapa nyingi katika nyakati za mwanzo za ulimwengu, kuliko watu walivyotarajia. Hata suala la Njia Nyeupe na Andromeda limebadilika. Miaka kumi na zaidi iliyopita tuliambiwa zitagongana bila shaka baada ya miaka bilioni 4 hivi. Utafiti wa 2025 ulikadiria kwamba uwezekano ni karibu nusu kwa nusu katika miaka bilioni 10 ijayo.

Kwa hiyo mkiulizwa na watoto kuna aina ngapi za galaksi, wajibuni bila wasiwasi: duaradufu, spirali, spirali zenye upau, zenye umbo la kamande, na zisizo na umbo maalumu. Mgawanyo huo umefaa kwa karibu miaka mia moja na bado unafaa. Ila waambieni pia kwamba ni watu waliouandika, na kwamba orodha iliyo nzuri ni ile inayoacha nafasi kwa mtu wa kuuliza kama Hanny: na hiki je?